Miguu iliyofungwa: historia ya konzo, ugonjwa ambao sisi maagronomo tulipaswa kuujua

Leo nitaandika murefu kidogo, munivumilie. Ni historia ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu, lakini inapita mu shamba, mu mto na mu sufuria. Njo maana mimi, mtu wa agronomia, najiruhusu kuisema mbele ya madaktari wetu.

Mwaka wa mwisho wa lisansi nilienda staji mu kijiji kimoja cha milima ya Kivu ya Kusini. Kazi yangu ilikuwa kupima mavuno ya muhogo, kuhesabu mimea yenye mozaiki, kujaza karatasi na kurudi Bukavu. Mu nyumba nilimolala kulikuwa mtoto wa kiume wa miaka kama 9. Alitembea kwa ncha za vidole, magoti yanagusana, miguu inapishana kama makasi, na fimbo mbili mikononi. Kichwa chake kilikuwa kizima, tena alikuwa fundi wa kuchekesha watu. Niliuliza mama yake ilianza lini. Akanijibu: «Siku moja tu. Alilala muzima, asubuhi akashindwa kusimama.»

Jirani alisema ni karuho, kuna mtu alimupatia. Mtu wa kanisa alisema ni pepo. Mu karne yake ya kituo cha afya waliandika neno moja: polio. Mimi sikusema kitu. Niliandika kilo za muhogo kwa hekta, nikapata distinction, maisha ikaendelea.

Miaka mitatu baadaye nilisimulia ile hadithi kwa rafiki yangu mmoja daktari. Hakucheka. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza: «Kuna mtu alimugonga goti na nyundo?» La pili: «Ba mama ba pale banalobeka muhogo siku ngapi?» Swali la kwanza si la kazi yangu. La pili ni la kazi yangu kabisa, na sikuwa na jibu. Nilikaa wiki tatu mu kile kijiji kwa ajili ya muhogo, na sikuuliza unapitia wapi kabla ya kufika mu sahani. Ile haya njo imenifanya nisome, na yale niliyosoma njo haya.

1. Waya na ngozi yake

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu bila hii hatuwezi kuelewa kwa nini ule mtoto aliandikwa polio.

Mshipa wa fahamu unafanana na waya wa umeme. Ndani kuna uzi unaopitisha habari, nje kuna ngozi ya mafuta inayoitwa mielini. Neno hilo lilitolewa na Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1854. Ngozi ikiwa nzima, habari inaruka haraka kutoka ubongo mpaka mguu. Ngozi ikiliwa, habari inachelewa ao inapotea njiani. Magonjwa yanayokula ile ngozi njo madaktari wanaita magonjwa ya kupoteza mielini.

Linalojulikana zaidi lilielezwa vizuri na Jean-Martin Charcot, mu hospitali ya Salpêtrière ya Paris, mwaka 1868. Wengine walikuwa wamekwisha kuchora yale mabaka mbele yake: Robert Carswell wa Uingereza na Jean Cruveilhier wa Ufaransa, mu miaka ya 1830. Lakini Charcot alifanya kazi ya kuunganisha. Aliangalia mgonjwa akiwa hai, aliandika namna anavyotetemeka, anavyoona vibaya, anavyosema kwa kukatakata. Mgonjwa akifa, alifungua ubongo na uti wa mgongo, akakuta mabaka magumu yametawanyika. Akaupa jina la «sclérose en plaques», yaani ugumu wa mabaka.

Kwa muda mrefu ule ugonjwa ulitambuliwa kwa macho, masikio na nyundo ndogo ya goti. Daktari alitafuta alama mbili: kwamba umeshambulia sehemu mbalimbali za mwili, na kwamba umeshambulia kwa nyakati mbalimbali. Mwaka 1942 Elvin Kabat alionyesha mu Marekani kwamba maji ya uti wa mgongo ya hawa wagonjwa yana protini za kinga kupita kawaida. Mwaka 1981, mu London, watu walianza kuyaona mabaka mu mashini ya IRM bila kungojea kifo. Mwaka 2001 zikatoka kanuni zinazoitwa za McDonald, zinazounganisha dalili na picha, na zimerekebishwa mara kadhaa tangu pale.

Sasa, angalieni mahali huu ugonjwa unapatikana. Hesabu ya dunia ya mwaka 2020 ilifikia watu milioni 2.8. Wengi wako mbali na ikweta: Ulaya ya kaskazini, Kanada, Marekani. Ukikaribia ikweta wanapungua. Sehemu moja ya sababu ni kweli ya mwili na ya mazingira. Sehemu ingine ni kwamba kwetu mashini za IRM na madaktari wa mishipa ni wachache sana, na kisichotafutwa hakiandikwi.

Matokeo yake ni haya: kitabu cha magonjwa ya mishipa kiliandikwa kwanza kwa wagonjwa wa Paris na London. Daktari wa kwetu akiona miguu imekufa ganzi ao imekakamaa, alipaswa kutafuta jina mu kile kitabu. Na kulikuwa kitu mu Kongo ambacho hakikuwemo.

2. Kwango, 1938

Mwaka 1938 mu Bruxelles kulitoka ripoti ya daktari Muitaliano aitwaye Giovanni Trolli, aliyefanya kazi ya afya mu Kongo ya Wabeleji. Alikusanya habari za magonjwa mawili ya Kwango ambayo, kichwa cha ripoti kinasema wazi, asili yake haikujulikana. Moja lilikuwa kupooza kwa miguu kunakokuja kwa mkumbo: kijiji kimoja, msimu mmoja, watu wengi kwa pamoja, zaidi wanawake na watoto. Miguu haikulegea, ilikakamaa.

Trolli hakutunga jina. Wayaka wa Kwango walikuwa nalo: konzo, yaani miguu iliyofungwa. Jina linafanana na kitu chenyewe, kwa sababu mgonjwa anatembea kama mnyama aliyefungwa kamba miguu ya mbele. Mimi napenda kukumbusha hii kwa sababu mara nyingi tunafikiri sayansi inatoka ngambo na sisi tunapokea tu. Hapa utambuzi wa kwanza ulifanywa na wanakijiji. Walikuwa wametenganisha huu ugonjwa na mingine mpaka wakaupatia neno lake, na lile neno njo OMS inatumia mpaka leo.

Lakini sababu ilibaki giza. Baada ya Trolli ilipita miaka zaidi ya 40 kabla dunia kurudi kuutazama kwa nguvu.

3. Nampula, 1981

Mwaka 1981 jimbo la Nampula, kaskazini ya Mozambique, lilikuwa mu ukame. Mahindi na maharagi vilikauka. Kilichobaki ni muhogo mchungu. Ghafla watu wakaanza kupooza miguu, na hesabu ikapita 1,000. Kule waliita mantakassa. Kati ya madaktari waliotumwa kuchunguza kulikuwa Msweden kijana, Hans Rosling, aliyekuwa anafanya kazi mu Nacala. Wengi wenu munamujua kwa zile video zake za takwimu za dunia. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa hii.

Mwanzoni waliogopa mengi: virusi vipya, ao sumu iliyomwagwa na mtu, kwa kuwa nchi ilikuwa mu vita. Lakini ugonjwa wa virusi ungesambaa mpaka mu mji na kwa wauguzi wenyewe. Huu ulibaki mu vijiji vikavu, mu nyumba ambamo watu walikula muhogo asubuhi na mangaribi bila kitu kingine. Walipima damu na mikojo, wakakuta alama za sianidi kwa wingi. Njaa iliwalazimisha watu kufupisha kazi ya kukausha ile mizizi. Walijua kwamba haijakauka vizuri. Hawakuwa na chakula cha kula wakingojea.

Hapa nitasimama kidogo kama agronomo. Muhogo una linamarini, sukari iliyobeba sianidi ndani yake. Mzizi ukikatwa ao ukisagwa, kimeng'enyo cha muhogo wenyewe kinaipasua, na sianidi inatoka kama hewa. Kazi yote ya kulobeka, kusaga, kukausha ni kumupa huyo muhogo nafasi ya kujisafisha. Sianidi kidogo ikibaki, mwili wetu unaweza kuigeuza kuwa kitu kisicho na nguvu sana, lakini unahitaji salfa. Salfa inatoka mu protini: maharagi, soya, samaki, nyama, mayai. Kwa hiyo konzo inahitaji vitu viwili kukutana: sianidi mingi mu bugali na protini kidogo mu mboga. Mtu anayekula bugali ya muhogo na sambaza ao maharagi ana kinga ambayo hata hajui kama anayo. Mtu anayekula ileile bugali na chumvi peke yake hana.

Na ukame unaongeza sumu mu mzizi. Kwa hiyo mwaka ule ambao familia haina maharagi njo mwaka ule ambao muhogo ni mkali zaidi.

4. Barabara ya Kinshasa

Sasa turudi nyumbani. Mu miaka ya 1980 konzo ilikuwa imerudi mu Bandundu. Hapakuwa ukame kama wa Nampula. Hapo Thorkild Tylleskär, mwanafunzi wa Rosling, akafanya kazi pamoja na Banea Mayambu na watafiti wengine wa Kongo. Walichokuta kilichapishwa mwaka 1992, na kwangu mimi njo sehemu inayouma zaidi.

Desturi ya kule ilikuwa kulobeka muhogo mu mto siku tatu ao zaidi, mpaka unalegea. Watu walikula hivyo vizazi na vizazi. Kisha barabara nzuri ikafungua njia ya Kinshasa. Mji ulikuwa na njaa ya muhogo, malori yalikuja, pesa ilikuja. Mwenye lori hangojei. Bamama wakaanza kutoa muhogo mu maji baada ya usiku mmoja, ukauke, upande gari. Na ule wa nyumbani nao ukafuata desturi ileile fupi. Tena maharagi, karanga, kuku, vyote vilivyokuwa vinaleta protini, vikawa pia vitu vya kuuza. Vijiji ambamo walifupisha siku njo vilikuwa na konzo. Vijiji jirani vilivyobakia na siku tatu havikuwa nayo.

Mimi na wewe tumefundishwa kwamba barabara ni maendeleo, na ni kweli. Soko ni maendeleo, na ni kweli. Lakini mu masomo yetu yote ya kuongeza thamani ya mazao, nani alitufundisha kuuliza ni saa ngapi mama anapoteza ili lori lijae? Hakuna mtu aliyetaka kudhuru mtoto wake. Siku mbili tu ziliondolewa, kwa sababu ambayo kila mtu aliiona ni nzuri.

Rosling mwenyewe alisimulia mu kitabu chake cha mwisho jambo lililomupata mwaka 1989 mu kijiji cha Makanga, Bandundu. Alifika na mashini na sindano kuchukua damu, na watu wakakasirika, wengine na mapanga, wakifikiri anakuja kuuza damu yao. Alijaribu kueleza. Aliyemuokoa ni mama mmoja mtu mzima, pekupeku, aliyesimama kati yake na wanaume. Aliwakumbusha namna surua ilivyoua watoto wao mpaka chanjo ikaja, na kwamba ile chanjo ilipatikana kwa sababu watu wa mahali pengine walichunguzwa namna hii. Akatoa mkono wake wa kwanza. Daktari hakujua jina lake. Bila yeye, pengine tusingejua tunayoyajua.

5. Picha isiyoonyesha kitu

Kulibaki swali la madaktari: je, konzo ni ndugu wa ule ugonjwa wa Charcot? Inakula mielini?

Kulikuwa na mgombea mwingine. Mwaka 1985, mu Martinique, Antoine Gessain na wenzake walionyesha kwamba kupooza kwa kukakamaa kunakoonekana mu nchi za joto kunaweza kuletwa na virusi vya HTLV-1. Mwaka uliofuata Wajapani walieleza jambo lilelile kwao. Ile inachoma uti wa mgongo na kuharibu mielini, polepole, miaka na miaka. Virusi hivyo vipo mu Kongo. Kwa hiyo ilikuwa haki kuuliza kama konzo ni hiyo tu. Walipima damu za watu wa konzo: virusi havikuwa sababu.

Kisha wagonjwa wawili wa Zaire waliopooza vibaya walipelekwa Sweden kuchunguzwa. Waliingizwa mu IRM. Ubongo ulionekana mzima, na uti wa mgongo vilevile. Hakuna mabaka. Lakini walipochokoza ubongo kwa sumaku ili kutuma amri mpaka mu misuli, amri haikufika. Kwa hiyo konzo ni ugonjwa wake peke yake. Unashambulia zile seli za juu zinazotuma amri ya kutembea, na ngozi ya waya haina kosa. Matokeo yalitoka mwaka 1993.

Sianidi ya muhogo inaweza pia kwenda njia ingine. Mu Nigeria, miaka ya 1960, Osuntokun wa Ibadan alieleza ugonjwa wa watu wazima waliokula muhogo miaka mingi: miguu inachoma na kufa ganzi, kutembea kama mlevi, macho na masikio kupungua nguvu. Ule unakuja polepole, na pale mishipa ya nje yenyewe imeharibika, pamoja na mielini yake. Chakula ni kilekile, lakini unakuja kwa mwendo mwingine na kugusa mahali pengine.

Mwaka 1996 OMS ikatoa kanuni tatu za kutambua konzo, na uzuri wake ni kwamba hazihitaji mashini. Nitaziandika kwa lugha yetu:

Kwanza, mtu anatembea ao anakimbia kwa kukakamaa, na miguu yote miwili inafanana.
Pili, ilianza mu muda usiozidi wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima, na baada ya hapo haikuendelea kuongezeka.
Tatu, ukigonga goti ao kisigino, miguu yote miwili inaruka kwa nguvu kupita kawaida, na mgongo hauna dalili ya ugonjwa.

Sasa mulinganishe. Polio: mguu unalegea, mara nyingi mmoja kuliko mwingine, na ukigonga goti halijibu. Ule ugonjwa wa Guillain na Barré, ulioelezwa 1916, unakula mielini ya mishipa ya nje: miguu inalegea, goti halijibu. HTLV-1: kukakamaa, lakini kwa miaka, na mkojo unasumbua. Ugonjwa wa Charcot: unakuja na kurudi, macho mara nyingi yamo, upande mmoja kuliko mwingine. Kifua kikuu cha mgongo: mgongo unauma na pengine unatoa nundu, na huyo lazima apelekwe haraka kwa sababu dawa yake ipo. Njo maana sisemi mtu ajitambulie mwenyewe nyumbani. Ninasema tu kwamba nyundo ya mpira na maswali matatu vingetosha kuona kwamba mtoto wa kule kwenye staji hakuwa na polio. Miguu yake ilikuwa imekaza kama kamba ya gitari.

Na kwa nini jina lina maana kama dawa ya kuponya konzo haipo? Juu ya wengine wa ile nyumba. Ukiandika polio, unamutafutia mtoto chanjo iliyochelewa. Ukisema karuho, unamutafuta jirani, na kwetu tunajua mambo hayo yanaishia wapi. Ukiandika konzo, unaenda kuangalia unga, na dada yake mudogo anaokoka.

6. Vita na milima yetu

Kuna watu wanafikiri konzo ni ya Kwango na Kwilu tu. Kweli Kahemba imeumia kuliko mahali pengi. Pale Desiré Tshala-Katumbay na wenzake walifanya kazi mu miaka ya karibuni, na mwaka 2013 walionyesha jambo baya zaidi: hata watoto wa nyumba moja na mgonjwa, ambao wanatembea vizuri, walipungukiwa mu majaribio ya akili na ya mikono. Kwa hiyo tukihesabu fimbo peke yake, hatuhesabu wote.

Lakini imeonekana pia Tanzania, upande wa Tarime, mwaka 1985. Imeonekana Kameruni, Afrika ya Kati, Angola. Na mwaka 2011 madaktari wa kwetu walichapisha habari ya konzo mu Burhinyi, teritware ya Mwenga, Kivu ya Kusini. Niliposoma ile, nilifunga simu nikakaa kimya.

Mukifikiri kidogo, mutaona sababu. Vita inafukuza watu. Ng'ombe na mbuzi vinaibiwa. Maharagi yanataka miezi mitatu ya kulala nyumbani. Ndizi ilipigwa na mnyauko wa bakteria tangu miaka ya 2000. Muhogo mchungu unabaki mu udongo unangojea, mnyama hauli, mwizi anauogopa, mwenyewe akirudi anaukuta. Kila agronomo atakuambia ni zao la watu wenye shida, na atakuwa amesema kweli. Lakini mtu anayekimbia hana siku nne za kukaa karibu na mto. Tena milimani kwetu maji ni baridi, na muhogo unachelewa kulegea kuliko kule Bandundu. Siku tatu za kule hazitoshi hapa. Kipimo ni kidole: mzizi uvunjike wenyewe ukiubonyeza.

7. Maji mu unga

Sasa habari nzuri. Howard Bradbury, mwanakemia wa chuo kikuu cha taifa cha Australia mu Canberra, alitafuta namna ya kusafisha unga ambao umekwisha kusagwa. Njia yake haihitaji kifaa chochote. Unaweka unga mu beseni, unatia alama ndani pale unapofikia. Unaongeza maji polepole ukikoroga. Mwanzoni unga unashuka, kisha unapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha maji. Unautandaza juu ya mkeka ao turubai, unene usizidi sentimita moja, saa mbili mu jua ao saa tano mu kivuli. Sianidi inatoka kama hewa. Kisha unasonga bugali siku ileile. Inapunguza sumu mara tatu mpaka sita.

Tangu mwaka 2010 Banea na timu yake waliipeleka mu kijiji cha Kay Kalenge, zoni ya afya ya Popokabaka, ambamo kulikuwa wagonjwa 34. Waliwafundisha bamama, nao wakafundishana. Baada ya hapo hawakupata mgonjwa mupya mu kile kijiji, na njia ikapelekwa vijiji vingine. Bamama walisema pia bugali ina ladha nzuri kuliko mbele, na kwangu hiyo njo sababu kubwa inayofanya desturi ishike.

Kiwango cha OMS kwa unga ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja. Niambieni, mu soko gani la kwetu tumewahi kupima?

Kiangazi kilichopita nilirudi mu kile kijiji, kwa moto ya kukodi, bila karatasi za staji. Mtoto ni kijana sasa, yuko sekondari, bado na fimbo zake mbili, bado anachekesha watu. Niliuliza mama yake swali nililopaswa kuuliza mbele: siku ngapi? Alinijibu: «Kama kuna amani, ine. Mwaka ule tulikuwa tunakimbia kila wiki. Moja.» Alikuwa analijua jibu muda wote. Hakuna aliyemuuliza.

Tulichukua beseni, tukatia alama na mkaa, tukaongeza maji. Majirani watatu walikuja kuangalia. Mmoja alisema ninapoteza unga. Mangaribi tulikula wote, na sombe na maharagi, na yule aliyesema ninapoteza unga aliongeza sahani. Kijana nilimuomba aende kwa daktari mwenye nyundo, akaenda, na ile karne ya zamani iliandikwa upya. Miguu yake haitafunguka, nilimwambia hivyo bila kumudanganya. Aliniuliza tu kama dada yake iko sawa. Nilimuomba yule dada akimbie mpaka kwenye muembe na kurudi. Alikimbia vizuri.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wa chama ni dogo. Maagronomo: mukienda kupima muhogo, ulizeni siku ngapi unakaa mu maji, na nini kinaliwa pembeni yake. Wauguzi na madaktari: kila mtoto wa miguu inayokakamaa, nyundo kwanza, jina baadaye. Na sisi wote tunaotoka mu vijiji: likizo ijayo, angalieni watoto wakikimbia.

Kama nimekosea mu mambo ya udaktari, madaktari wetu munirekebishe hapahapa, nitashukuru.